Isome Bloku Kabla Hujanunua Gasketi

Hotuba kwa wamiliki na mafundi wa magari ya zamani, Arusha

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi, wenye magari, na vijana mlio kwenye mafunzo ya ufundi, karibuni sana. Mbele yenu kuna meza tatu, na juu ya kila meza kuna injini moja isiyo na kibandiko wala karatasi. Tutazifikia. Kwanza tuelewane kwa nini tumekusanyika kwa ajili ya namba zilizogongwa kwenye chuma, wakati wengi humu mnaitambua Land Rover kwa mlio tu, hata haijakata kona.

Magari ya zamani ya mji huu yamefanya kazi nzito. Land Rover ya Series III au Land Cruiser ya miaka ya 1970 imepita kwenye mashamba ya kahawa, misheni na serikalini, kisha ikaingizwa kwenye utalii, ikala vumbi la Ngorongoro na Serengeti mwaka hadi mwaka. Injini ya kwanza ilishakufa, ya pili ikang'olewa kwenye gari lililopinduka, ya tatu ikanunuliwa mtumba. Kila aliyepandisha injini alijua anapandisha nini, lakini hakuandika popote. Mwenye gari wa leo amebaki na jina la kwenye boneti, kadi ya gari, na maneno ya aliyemuuzia. Anafika duka la spea anaomba "gasketi ya hedi ya Land Rover dizeli", kana kwamba kuna Land Rover dizeli moja duniani. Anauziwa, analipa, na siku ya kufunga hedi, kifuniko kikubwa cha juu ya silinda, matundu hayakubaliani.

Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: usinunue hata gasketi moja kabla hujaisoma bloku, yaani mwili mkuu wa injini wenye silinda. Na ukishaisoma, ichukulie kwa kadiri ile ile ya ilichosema. Namba ya bloku inazungumzia bloku. Hedi iliyoko juu yake inaweza kuwa imetoka kwa ndugu yake, na pampu ya dizeli kwa binamu.

Kwenye injini kuna maandishi ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza watu wengi. Yapo yaliyotokeza: herufi na tarakimu nene zilizoinuka, ambazo zilikuwemo kwenye kalibu chuma kilipomiminwa. Hizo hueleza kipande kilichomiminwa, na mara nyingine tarehe ya kumiminwa, na zinaweza kufanana kwenye maelfu ya injini. Yapo yaliyogongwa: yamezama ndani ya chuma, herufi moja moja, juu ya sehemu ndogo iliyolainishwa kwa mashine. Hapo ndipo penye utambulisho wa injini, yaani aina yake na namba yake ya pekee. Halafu zipo bati na vibandiko, kwenye mfuniko wa vali, pampu, starta na altaneta. Bati linaeleza kifaa lilichobandikwa basi. Mfuniko wa vali unafungwa kwa nati chache tu na unahama gari hadi gari kwa nusu saa. Usiutumie kuitambua injini hata kidogo.

Sasa namna ya kusoma. Vitabu vinaposema upande wa kushoto au kulia wa injini, maana yake ni kushoto na kulia kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Ukisimama mbele ya gari umeinamia radieta, pande zinageuka, na utahangaika ubavu usio na namba. Tafuta sehemu iliyolainishwa. Kwenye Land Rover ya petroli au dizeli ya lita 2.25, namba iko kushoto kwa mbele, jirani na manifodi ya ekzosi. Kwenye Land Cruiser ya petroli ya F na 2F, iko ubavu wa kulia, upande wenye distributa na starta.

Ukipapata, paloweshe kwa mafuta ya taa na uache dakika kumi grisi ilainike. Sugua kwa brashi ya waya wa shaba, pangusa kwa kitambaa, rudia. Tupa, grainda na msasa wa kukwaruza viwe mbali kabisa. Herufi zilizogongwa hazina kina kirefu. Grainda ikipita kwa sekunde chache inaweza kuondoa kitu kisichorudi, na kuanzia hapo kila mkaguzi atadhani umefuta namba kwa makusudi. Pakikauka, sugua chaki nyeupe juu yake kisha pangusa uso kwa kidole: chaki inabaki ndani ya herufi. Zima taa ya juu, shika tochi kwa ubavu, karibu kabisa na chuma, mwanga upite ukitambaa juu ya namba. Piga picha ukiwa hivyo, kisha hamishia tochi ubavu wa pili upige nyingine. Alama iliyojificha kwenye picha ya kwanza hujitokeza kwenye ya pili. Mahali pasipoingia simu, weka karatasi nyembamba juu ya namba uipitishie penseli iliyolazwa.

Andika unachokiona, siyo unachokitarajia. Palipo na shaka weka alama ya kuuliza. Zinazochanganywa kila siku ni 1, 7 na I. 8, 3 na B. 0 na O. 5 na S. 6 na G. Kosa la herufi moja hapa linakupeleka kwenye injini nyingine kabisa, na mfano tunao hapa hapa.

Toyota ilitengeneza dizeli ya silinda sita iitwayo 2H, lita 3.98, iliyoanza mwaka 1980. Baadaye ikaja 12H-T, ujazo ule ule, yenye taabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini. Uchafu ukijaza ile tarakimu ya kwanza, au kona ya bloku ikiwa imekwaruzwa, 12H inasomeka 2H bila wasiwasi wowote. Mtu akiwa ameshaing'oa taabo, hata jicho linakubali. Lakini hizi haziunguzi mafuta kwa namna moja. 2H inapuliza dizeli kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, na ina hita plagi sita, moja kwa kila silinda. 12H-T inapuliza moja kwa moja juu ya pistoni, na hita yake iko kwenye njia ya hewa. Pistoni hazibadilishani, nozeli hazibadilishani. Kwa hiyo ukisoma 2H, rudi ukaangalie: nafasi iliyo kushoto mwa ile 2 ni safi kweli? Kisha hesabu hita plagi. Ni kazi ya dakika mbili.

Tukiwa bado kwa Toyota, namba ya chasi ni rafiki mkubwa, kwa sababu herufi za mwanzo za modeli hutaja familia ya injini iliyotoka kiwandani. FJ ni petroli ya familia ya F. BJ ni dizeli ya silinda nne ya familia ya B. HJ ni dizeli ya silinda sita, H au 2H au 12H-T. HZJ ni 1HZ, na PZJ ni 1PZ ya silinda tano. Kwenye Land Cruiser hizi za zamani namba ya chasi imegongwa kwenye reli ya chasi ya kulia, kwa mbele. Isome hapo, na bati la mwilini liwe la kulinganishia. Reli ikisema HJ47 na bloku ikasema 1HZ, umeshajua: gari lilizaliwa na 2H, na kuna mtu amepandisha injini ya kizazi kilichoanza mwaka 1990. Reli ikisema HJ60 na bloku 2H, vinaafikiana. Huenda ni yenyewe, huenda ni 2H nyingine, lakini spea ni za 2H. Tahadhari kwa FJ40 na FJ45: modeli hizo zilitoka na F, na baadaye zikatoka na 2F. Hapo chasi haikusaidii kuchagua kati ya hizo mbili. Ni bloku, au kipimo.

Na kwa nini mwenye HJ47 ahangaike kujua kwamba alichonacho ni 1HZ, ikiwa gari linawaka na linavuta? Kwa sababu ya mkanda. 2H inaendesha kemshafti, shafti inayofungua vali, na pampu kwa gia za chuma. Mtu anaweza kuimiliki miaka ishirini bila kuiwaza taimingi, yaani mpangilio wa vali na pistoni. 1HZ ina mkanda wa taimingi, na kwa kawaida unabadilishwa kila kilomita 100,000. Injini ya mtumba imekuja bila historia. Mkanda uliomo ndani unaweza kuwa umebakiza kilomita elfu tano. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni, na injini uliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima inalala katikati ya safari. Katika yote tutakayoyasema leo, hili ndilo tunaloliwekea uzito kuliko mengine. Ukigundua una 1HZ usiyoijua ilikotoka, mkanda na roli yake vibadilishwe kabla ya safari inayofuata, halafu uandike kilomita kwa rangi kwenye mfuniko wa taimingi.

Mtego ule ule upo kwa Land Rover, na huko umejificha zaidi kwa sababu injini zinafanana sura. Dizeli ya lita 2.25, iliyoanza na Series IIA mwaka 1961, ina cheni ya taimingi. Mwaka 1984 ikaja dizeli ya lita 2.5, ambayo namba yake inaanza na 12J, na hiyo ina mkanda. Inakaa kwenye kitako kile kile na inashika giaboksi ile ile, ndiyo maana imepandishwa kwenye Series nyingi. Namba ikiwa haisomeki, tazama pampu ya dizeli. Kwenye 2.25 pampu imesimama wima katikati ya ubavu wa kulia, pale ambapo ndugu yake wa petroli ana distributa. Kwenye 2.5 imelala mbele, nyuma ya mfuniko wa taimingi, kwa kuwa inazungushwa na mkanda.

Namba ikianza na 19J, hiyo ni 2.5 yenye taabo ya miaka ya 1980. Sifa yake ya kupasuka bloku inajulikana, kwa hiyo usiisuke, yaani usiijenge upya, kabla haijapimwa nyufa. 11L ni 200Tdi, dizeli nyingine yenye taabo, iliyotengenezwa kwa ajili ya Defender, na 12L ni 200Tdi ya Discovery. Ndani ni mapacha, nje hapana: kwenye ya Discovery taabo imekaa chini, na ukiipandisha kwenye chasi ya Series inagombania nafasi, bomba la ekzosi linahitaji kutengenezwa upya. Muuzaji akikwambia "Tdi ni Tdi", soma kwanza kama ni 11 au 12, kisha ndipo mzungumze bei. 17H ni petroli ya lita 2.5.

Series za zamani hazina herufi hizo. Namba zake zina tarakimu nane na mara nyingi herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za kwanza ni za modeli, zilizobaki ni za mfululizo, na ile herufi ya mwisho inaonyesha toleo baada ya kiwanda kubadilisha kitu. Wengi wanaiacha wakidhani ni pambo. Orodha ya spea inagawanya vifaa kwa herufi hiyo, hivyo ukienda dukani bila kuitaja umeenda na nusu ya namba. Na jambo moja la kuwaondolea watu hofu: kwa Land Rover hizi, namba ya injini na namba ya chasi hazikuwa sawa hata gari likiwa jipya. Kutofautiana kwake hakumaanishi injini imebadilishwa, na anayekushushia bei kwa sababu hiyo amekosea.

Kuna swali moja la 2.25 ambalo linawagharimu watu zaidi ya yote wakati wa kusuka injini: beringi kubwa za krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Hadi mwaka 1980 injini hii, ya petroli na ya dizeli, ilikuwa na beringi kubwa tatu. Baada ya hapo zikawa tano. Krenki hazibadilishani, bloku hazibadilishani, seti za beringi hazibadilishani. Ikiwa namba haikupi uhakika, mwaga oili, fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, uhesabu kofia za beringi: tatu au tano. Fanya hivyo kabla hujatuma mtu Dar es Salaam kufuata beringi. Na ukiwa umeshafika chini huko, pima jenoo za krenki, yaani shingo zinazokaa kwenye beringi. Kama iliwahi kuchongwa 10 au 20, yaani sehemu za elfu za inchi, beringi za standadi hazitakufaa hata kama aina ya injini umeipata barabara.

Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo bado ipo kwenye nyumba kadhaa za Arusha na Moshi. Namba yake imegongwa kwenye bloku, chini kidogo ya kitako cha jenereta, karibu na puli. Herufi za mwanzo ndizo aina: D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD na AS ni 1600. Sasa angalia. Kwenye bloku hiyo hiyo kuna maandishi yaliyotokeza, AS41 au AS21. Hayo ni jina la mchanganyiko wa madini ya bloku. Mtu anasoma AS41, anasema "ni AS, kwa hiyo ni 1600", anaagiza pistoni, kumbe namba iliyogongwa inaanza na H. Lakini hata H yenyewe haifungi mjadala: bloku ya 1500 inapokea silinda za 1600 bila kuchongwa, kwa hiyo yaliyomo yanaweza kuwa ya 1600. Ng'oa hedi moja, upime: 83 mm ni ya 1500, 85.5 mm ni ya 1600.

Hilo linatuleta kwenye kupima, ambako ndiko kimbilio namba ikiwa imekufa. Vernia nzuri, yaani kipimo cha kubana chenye milimita, hedi imefunguliwa. Kwa kipenyo, shuka chini ya silinda, mahali ringi zisipofika. Juu kumelika, na kipimo cha juu kitakudanganya. Kwa mwendo wa pistoni, izungushe krenki kwa spana hadi pistoni iwe juu kabisa, pima kina chake kutoka uso wa bloku, kisha ishushe hadi chini kabisa, pima tena. Tofauti ndiyo mwendo.

Kila jozi ya injini zinazochanganywa ina kipimo chake kinachoitenganisha, na kingine kisichosema kitu. F ina kipenyo cha 90 mm, 2F ina 94 mm, na mwendo wa zote mbili ni 101.6 mm. Hapo pima kipenyo. Hata F ikiwa imechongwa ukubwa wa juu wa milimita moja, haifiki 94. Lakini 2F na 3F, mrithi wake wa petroli, zote zina kipenyo cha 94 mm. Hapo pima mwendo, 101.6 dhidi ya 95. Land Rover ya 2.25 na ya 2.5 zote ni 90.47 mm kwa kipenyo. Mwendo ni 88.9 kwa ndogo na 97 kwa kubwa. Nayo 1HZ na 1HD-T, ndugu yake mwenye taabo? Zote ni 94 kwa 100. Vernia haina la kusema hapo. Zitofautishe kwa hedi, maana 1HZ ina vyumba vidogo vya kuwakia na 1HD-T inapuliza juu ya pistoni. Ukitaka ujazo: kipenyo kwa sentimita, mara chenyewe, mara 0.7854, mara mwendo, mara idadi ya silinda. Kwa 1HZ: 9.4 mara 9.4 mara 0.7854 mara 10 mara 6, unapata kama 4164. Na ukiwa na 1HZ mkononi, usinunue gasketi ya hedi kwa jina peke yake. Huja kwa unene tofauti, na unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku.

Mara nyingine utakuta sehemu ya namba ikiwa tupu. Bloku za spea zinazotoka kiwandani zinaweza kuja bila kugongwa, kwa hiyo utupu peke yake si ushahidi wa wizi. Tazama uso wenyewe. Ukiwa na mistari ile ile myembamba ya mashine iliyopo kwenye uso wa jirani, huenda haukuguswa kamwe. Ukiwa na mikwaruzo ya duara ya grainda, au umebonyea kuliko jirani zake, au herufi zimepinda na kupishana kina, kuna aliyefanya kazi hapo. Injini ya namna hiyo usiinunue, hata iwe inawaka kwa mguso wa kwanza.

Kadi ya gari ina mstari wa namba ya injini. Ukibadilisha injini, taarifa iende TRA, mamlaka ya mapato, kadi irekebishwe, na risiti ya ulikoinunua itunzwe pamoja na picha mlizopiga kwa tochi. Ombi la kugonga namba ya injini ya zamani kwenye bloku nyingine "ili ifanane na kadi" likatae, hata likitoka kwa mteja wako wa miaka kumi. Siku gari hilo likikaguliwa, aliyeshika nyundo ndiye atakayetafutwa kwanza.

Jambo la mwisho kabla hatujasogea mezani ni umeme. Namba ya injini haikwambii kama starta na hita plagi ni za volti 12 au 24, na Land Cruiser za dizeli za zamani zilikuja kwa namna zote mbili. Soma bati la starta na uhesabu betri. Hita plagi za volti 12 kwenye mfumo wa 24 zinaungua mara moja.

Haya, tugawanyike makundi matatu. Mafuta ya taa, brashi za shaba, chaki na tochi viko mwisho wa kila meza; vernia ni moja, mpokezane. Kila kundi liandike kwanza kilichogongwa, kisha kilichotokeza, kisha kitu kimoja kwenye injini hiyo ambacho hakiafikiani na vingine, kwa sababu kwenye kila moja kimo. Kundi la dirishani, msikimbilie mfuniko wa vali. Anzeni na mahali pampu ilipokaa.